Siku Mama Alipofika Lamu ya Florida

Mama alisimama katikati ya njia, buibui linapepea, akautazama ukuta ule toka chini hadi juu. Chokaa imebanduka vipande vipande, mawe yanachungulia kama ya matumbawe, boriti zimetokeza nje, na nyumba ya pili imeezekwa makuti. Akaupapasa kwa kiganja. Akaugonga kwa kidole. Kisha akanigeukia:

"Hii ni Amu. Nani amewapa Amu?"

Tulikuwa karibu na Orlando, Florida, ndani ya Animal Kingdom, bustani ya Disney iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Upande wa Afrika wamejenga kijiji wakakiita Harambe, kwa e moja, na kielelezo chao kilikuwa Lamu, ambayo wenyeji wake huiita Amu. Mama amezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, akaolewa Mombasa. Alikuja kututembelea Atlanta Aprili 2025, nami sikumwambia neno. Nilitaka nimwone uso wake atakapofika pale.

Mimi nilikuwa nimeshafika kabla. Agosti 1999, nikiwa mwanafunzi, tuliondoka Atlanta vijana watatu ndani ya gari bovu, tukalala humohumo kwenye maegesho ya duka, asubuhi tukajiosha uso kwa maji ya chupa. Tiketi ilikuwa kama dola 44, nayo iliniuma. Lakini ukishaingia, umeingia. Mlangoni ulipewa ramani ya karatasi, ukaikunja mfukoni, siku yote ikawa yako. Mwaka huohuo ndio walianza kuweka mashine ndogo karibu na milango ya michezo mikubwa: unachomeka tiketi yako, inakutemea kikaratasi chenye saa ya kurudi, bila malipo. Mwenye hela na mwanafunzi aliyelala garini walikuwa sawa mbele ya mashine ile. Wasiokuwa na kikaratasi walipanga foleni, na foleni yenyewe ilikuwa sehemu ya safari. Tulikaa nyuma ya mzee mmoja mkulima na mkewe, hadi tunafika mbele tulishajua mahindi yao yamepata mvua kiasi gani.

Safari hii ya pili ilianza siku tatu kabla ya siku ya kuingia bustanini. Saa moja kamili asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani na simu, kidole juu ya kioo, nagombania nafasi na watu nisiowaona. Maana njia ya mkato ya kuruka foleni, ambayo zamani ilikuwa bure, ilisimamishwa mwaka 2020 bustani zilipofungwa kwa ajili ya korona, na iliporudi Oktoba 2021 ilirudi ikiwa inauzwa. Unailipia kwa kila kichwa, mbali na tiketi. Na tiketi yenyewe sasa inategemea tarehe: msimu wa likizo ya shule nilitoa zaidi ya dola 150 kwa mtu mzima. Binti yangu ana miaka kumi, na kwa hesabu yao mtoto akitimiza kumi ni mtu mzima. Kuegesha gari, wakati ule, dola 30. Mke wangu alipiga jumla kwenye karatasi, akaikunja, hakutaka niione mpaka turudi.

Nilipata nafasi ya safari ya wanyama, saa nne hadi saa tano asubuhi. Nilifurahi kama niliyepata viza.

Basi tulipofika Harambe ilikuwa saa nne na nusu, na simu yangu imebakiwa na asilimia tano. Ramani imo humo, tiketi zetu zote nne zimo humo, nafasi ya safari imo humo, na picha alizopiga binti tangu getini, mia na kitu, zimo humo pia. Ikazima mkononi mwangu ninapoitazama. Nikamketisha mama kivulini, nikamwambia, "Mama, dakika tano tu, usiondoke hapa," nikakimbia kutafuta mashine ya kukodisha betri, huku mke wangu amempeleka binti msalani.

Dakika tano zikawa arubaini. Mashine ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili ilikuwa mbali, betri niliyoipata ilikuwa na waya usioingia kwenye simu yangu, nikarudi kuubadilisha. Simu ilipowaka, saa tano ilikuwa imeshapita. Nikarudi mbio pale kivulini.

Mama hayupo.

Laini yake ni ya Kenya, haishiki Marekani. Watu wanapita kwa mamia, kila mmoja ameinamia kioo chake. Niliita "Mama!" kwa sauti yangu yote na wanawake kadhaa wakageuka. Mke wangu alikimbilia upande wa soko, mimi upande wa daraja. Nilikuwa naona picha zote mbaya: amezidiwa na jua, presha imempanda, amekaa mahali analia. Nimemtoa mtu kwake Mombasa, ana miaka sabini na minne, nimemwacha peke yake kwa ajili ya betri.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkononi ana kikombe cha maji ya barafu, anacheka. Mbele yake amechutama kijana mwenye sare, na kwenye beji yake, chini ya jina, pameandikwa Nakuru, Kenya.

Kumbe alichoka kungoja, magoti yakaanza kumvuta, akainuka. Akawa anasoma vibao. Amepita *Tamu Tamu*, akaona ni aiskrimu, akaendelea. Akafika penye kibao cha *Dawa*. Akaingia moja kwa moja, akaomba Panadol kwa Kiswahili, kwa sababu mtu akiandika dawa kwa Kiswahili huna sababu ya kumsemesha Kiingereza. Ni baa. Dawa hiyo ni kinywaji cha pombe chenye ndimu na asali, kinachojulikana sana Nairobi. Kijana wa Nakuru alikuwa anapita akamsikia. Akamshika mkono akamwambia, "Shikamoo mama, hiyo dawa si ya kwako."

"Nimemuuliza punda wako wapi," mama akaniambia. "Amu bila punda! Na hizi nyumba, nani analala humu?"

Kijana akanisogeza pembeni akaniambia kwamba tangu afike kazini hakuna aliyemwitikia marahaba wala kumwita mwanangu, mpaka siku ile. Machozi yalikuwa yamemlenga. Nikampa mkono na sikujua niseme nini.

Nafasi yetu ilikuwa imepita, tukaingia foleni ya kawaida. Kibao kilisema dakika 75. Ubavuni mwetu walipita waliolipia, haraka haraka. Mama akauliza wale wana nini. Nikamwambia wamelipa. "Na sisi hatukulipa?" Tulilipa, mama, lakini saa yetu imepita. Akanyamaza. Nilikumbuka bembea za Idi pale Makadara, Mombasa: unampa mwenye bembea shilingi yako mkononi, mnasukumana vumbini, lakini mtoto wa tajiri naye anasukumwa vilevile.

Mama akatoa mahamri kwenye mfuko. Nyuma yetu alikuwapo bibi mmoja wa Puerto Rico na wajukuu watano, akampa. Yule akatoa biskuti zake za nazi. Hawakuelewana hata neno, na hadi tunafika kwenye magari walikuwa wameshikana mikono. Wajukuu walikuwa wameweka simu zao chini, wanamtazama.

Safari yenyewe ilichukua kama dakika ishirini. Mwaka 1999 ilikuwa na kisa: dereva anapokea habari redioni kuhusu majangili wa ndovu, gari linakimbia kuwafukuza. Kisa hicho kimeondolewa, na nashukuru. Sasa unatazama wanyama tu, twiga, kifaru, nyumbu, na hao ni wa kweli. Mibuyu si ya kweli, ni ya saruji. Hata makorongo ya barabarani ni zege iliyotiwa rangi ya udongo na kukanyagwa kwa matairi ikiwa mbichi. Mama alimwona twiga kwa mara ya kwanza maishani mwake. Miaka sabini na minne ya Kenya, na twiga wa kwanza amemwona Florida. Mwanawe nina gari na leseni, na sikuwahi kumpeleka Tsavo. Hilo lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi hotelini.

Usiku saa nne, mama akampigia dadake aliyeko Lamu. Kule ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Akamsimulia kuta, boriti, makuti, kibao cha dawa, kijana wa Nakuru. Khalati akamuuliza, "Na msikiti je?"

Kabla mama hajajibu, adhana ikaingia kwenye simu. Mama akaongeza sauti, akaiweka simu kitandani, akajifunika mtandio vizuri. Binti yangu akaja akakaa kando yake, na sote tukanyamaza mpaka ikamalizika.