Kumbukumbu ya mradi: protini zinazotolewa na yai la kichocho

Kwa mnaofuatilia, ninachotengeneza ni jedwali la protini ambazo mnyoo wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, huzitoa nje ya mwili wake, kila moja na maelezo ya Kiswahili kuhusu kazi yake. Jenomu ya mnyoo huyu, yaani seti nzima ya maagizo yake ya urithi, ilichapishwa mwaka 2009, jeni 11,809. Protini zake nimezipakua kutoka WormBase ParaSite, hifadhidata ya jenomu za minyoo, na kuzipitisha kwenye programu ya SignalP, inayotafuta kipande kifupi mwanzoni mwa protini, mara nyingi asidi amino (vijenzi vya protini) 15 hadi 30, chenye sehemu ya katikati isiyopatana na maji. Kipande hicho ni kama anwani kwenye bahasha: seli ikikiona, huiingiza protini kwenye njia ya kutolewa nje. Zile zinazobaki zimejichomeka kwenye utando wa seli nimeziondoa.

Anayetaka kufanya kazi kama hii ajue mapema kwamba kichujio hicho peke yake hakitoshi. Minyoo hutoa protini nyingi zisizo na kipande hicho, nyingine zikiwa ndani ya vifuko vidogo mno vya utando. Kwa hiyo nimeongeza safu ya protini zilizokutwa kweli kwenye maji ambamo minyoo au mayai yalilowekwa maabara. Protini yenye alama kwenye safu zote mbili, ya SignalP na ya maabara, ndiyo ninayoiamini.

Sasa niko kwenye yai, na hapa nimenogewa. Jike hutaga mayai kama 300 kwa siku ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Yai haliwezi kujisogeza, na bado linatakiwa livuke ukuta wa utumbo, litoke na kinyesi, lifike kwenye maji yenye konokono. Linachofanya ni kuuchokoza mwili. Protini hutoka kupitia vitundu vya ganda, seli za kinga hulizingira, na uvimbe huo ndio unaolisaidia kupenya. Karibu nusu ya mayai hayatoki. Mengi husombwa na damu hadi kwenye ini, hukwama humo, na makovu yake ndiyo yanayomfikisha mgonjwa kwenye kuvimba wengu na kutapika damu.

Protini mbili zimetawala: omega-1 na IPSE. Omega-1 ni kimeng'enya kinachokata RNA, molekuli ambazo seli huzitumia kutengeneza protini. Imebeba sukari ambazo seli dendriti za kinga huzidaka kwa kipokezi cha manosi (aina ya sukari), zikaimeza. Ikishaingia hukata RNA ya seli, utengenezaji wa protini hupungua, na seli hiyo huielekeza kinga upande wa Th2, ule unaohusika na minyoo na mzio. Watafiti walipobadilisha asidi amino moja tu, histidini iliyoko nafasi ya 58 ya omega-1, uwezo wa kukata RNA uliisha na ule wa kuielekeza kinga ukapotea pia. Mstari wa omega-1 kwenye jedwali nimeupaka nyekundu. IPSE yenyewe hushika kingamwili za IgE zilizoko juu ya basofili (aina ya seli nyeupe za damu), bila kujali zililenga nini, na basofili hutoa IL-4, kemikali ya kinga inayochochea upande huo wa Th2.

Maelezo niliyoyaandika upya zaidi ni ya uvimbe. Protini hizi ni sumu kwa seli za ini, na panya wasio na seli T (aina ya seli za kinga), wasioweza kuzungushia mayai ukuta mzuri, huumia ini vibaya. Kwa hiyo uvimbe unamkinga mgonjwa leo na kumwachia kovu kesho. Sitaki msomaji aondoke akidhani kinga imedanganywa tu.

Zinazofuata ni CAA na CCA, molekuli zenye sukari nyingi zinazotoka tumboni mwa mnyoo aliyekomaa na kuzunguka kwenye damu ya mgonjwa. Mnyoo huyu hana tundu la haja, hivyo mabaki ya damu aliyomeng'enya huyacheua kwenye damu ya mgonjwa, na CCA hufika hadi kwenye mkojo. Ndiyo inayosomwa na kile kipimo cha mkojo kinachotumika kusaka kichocho kando ya Ziwa Viktoria. Kwa kuwa hizi zimejaa sukari kupita protini nyingine, zitahitaji safu yao wenyewe.