Jinsi nilivyoiendesha nodi yangu ya Bitcoin ndani ya Tor

Nodi kamili ya Bitcoin, yaani kompyuta inayoendesha programu ya mtandao wa sarafu hiyo ya kidijitali, hupakua kila bloku (fungu la miamala), huikagua kwa kanuni zake yenyewe bila kumtegemea mtu wa kati, kisha huwapasha wenza wake, yaani nodi nyingine ilizounganishwa nazo, habari za bloku na miamala mipya. Uhuru huo ndio ulionivutia, lakini una upande wake wa pili. Nodi iliyoachwa katika mipangilio ya kawaida hujitangaza: anwani yake ya IP huingia katika orodha ambazo nodi hupeana, miunganisho hupita katika lango (port) 8333, na katika itifaki ya zamani kila ujumbe huanza na baiti nne zilezile, F9 BE B4 D9, kiasi kwamba mtoa huduma wa intaneti hahitaji utaalamu mkubwa kutambua kinachoendeshwa. Usimbaji fiche ambao Bitcoin Core, programu inayotumika zaidi kuendesha nodi, ilianza kuuwasha kama chaguo-msingi katika toleo la 27.0, mwaka 2024, umezificha baiti hizo, ila haufichi anwani ya IP. Tena yeyote aliyejiunganisha na nodi nyingi kwa wakati mmoja anaweza kurekodi ni nodi ipi iliyoutoa muamala kwanza, akakisia kwamba huko ndiko ulikoanzia.

Nilitaka nodi yangu iendelee kuwahudumia wengine, yaani ipokee miunganisho na si kuanzisha tu, huku anwani yangu ya IP isijulikane na mwenza hata mmoja. Tor, mtandao unaoficha anwani ya mtumiaji kwa kupitisha miunganisho yake katika seva kadhaa, inaliwezesha hilo kwa njia ya huduma za onion, yaani huduma zinazofikiwa ndani ya Tor pekee kwa anwani inayoishia na .onion. Muunganisho wa kawaida wa Tor hupita seva tatu za kujitolea kabla ya kutoka kwenye intaneti ya wazi. Muunganisho wa kwenda kwenye huduma ya onion hautoki kabisa, kwani kila upande hujenga njia yake na pande hizo hukutana katikati, kwa kawaida kupitia seva sita kwa jumla. Hakuna anayemjua mwenziwe alipo, na hakuna haja ya kufungua lango lolote kwenye rauta. Mtoa huduma wa intaneti bado huona kwamba natumia Tor. Hilo nililikubali tangu mwanzo. Asiyeweza kulikubali itambidi aanze na daraja la Tor, yaani seva ya kuingilia isiyoorodheshwa hadharani, kabla ya kufikiria nodi.

Kuisakinisha Tor kwenye Debian (aina ya Linux) ni kazi ndogo. Palipohitaji utulivu ni kwenye ruhusa. Bitcoin Core inaweza kuiomba Tor iiundie huduma ya onion yenyewe, lakini ombi hilo hupita katika lango la udhibiti, 9051, ambalo lazima liwashwe katika faili la /etc/tor/torrc:

ControlPort 9051
CookieAuthentication 1
CookieAuthFileGroupReadable 1

Mstari wa pili unaiagiza Tor iandike kuki ya uthibitisho katika faili la /run/tor/control.authcookie, na wa tatu unaruhusu kikundi cha Tor kulisoma. Mtumiaji anayeiendesha bitcoind (Bitcoin Core inayofanya kazi chinichini) asipokuwa ndani ya kikundi cha debian-tor, logi itasema kwamba kuki haikuweza kufunguliwa, na nodi itaendelea kufanya kazi bila anwani ya onion, kimya kimya, kana kwamba kila kitu kiko sawa. Ndiyo sababu niliweka debug=tor tangu siku ya kwanza na kuisoma logi hadi nilipoona mstari unaotaja anwani ya onion inayotangazwa, herufi na tarakimu 56 zikifuatiwa na .onion:8333. Kabla ya kuuona mstari huo sikuhesabu kwamba nina kitu.

Upande wa Bitcoin Core niliandika hivi katika bitcoin.conf:

proxy=127.0.0.1:9050
listen=1
bind=127.0.0.1
bind=127.0.0.1:8334=onion
torcontrol=127.0.0.1:9051
onlynet=onion

Mistari hii ni michache, lakini kila mmoja una maana ambayo ni rahisi kuidhania vingine. Mstari wa proxy ndio unaohakikisha kwamba hata muunganisho wa kwenda kwenye anwani ya kawaida, kwa mfano ule niliouongeza kwa mkono kwa addnode, unapita ndani ya Tor. Ukiutegemea mstari wa torcontrol peke yake, nodi inaweza kufika kwenye anwani za onion kupitia Tor na wakati huohuo ikazungumza na anwani za kawaida moja kwa moja, kwa IP yako halisi. Mstari wa listen nao si wa mapambo: proksi ikishawekwa, Bitcoin Core huzima usikilizaji kama chaguo-msingi ili kumlinda mtumiaji, hivyo anayetaka kupokea wageni lazima aseme hivyo waziwazi. Mistari miwili ya bind inaifunga nodi isisikilize popote isipokuwa ndani ya mashine yenyewe, na wageni wa onion wanakabidhiwa na Tor kupitia lango 8334.

Kuhusu onlynet, nimeona wengi wakiupa uwezo ambao hauna. Unazuia jambo moja tu: nodi isijichagulie yenyewe wenza wa kutoka nje ya mtandao uliotajwa. Hauzuii wanaoingia, wala hauzuii wenza uliowaongeza kwa mkono. Mtu anaweza kuandika onlynet=onion na bado akawa anasikiliza kwenye anwani yake ya wazi, akiwa na anwani mbili zinazomilikiwa na nodi moja, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko kutokuwa na Tor kabisa, kwa sababu mchunguzi mwenye subira anaweza kuzilinganisha na kuziunganisha.

Kwa hiyo sikuliamini faili la mipangilio. Niliamini nilichokiona kwenye waya. Amri ya ss -tnp huorodhesha miunganisho iliyo wazi pamoja na jina la programu inayoishika. Nilichuja mistari ya bitcoind na kuisoma mmoja baada ya mwingine: kwenye upande wa pili wa kila mstari ilitakiwa kuwe na 127.0.0.1, yaani 9050 kwa wenza wanaotoka na 9051 kwa udhibiti, na wageni wote wawe wanafika kwenye 8334 kutoka 127.0.0.1 hiyohiyo. Anwani moja tu ya nje katika orodha hiyo ingetosha kuifanya kazi yote kuwa bure. Kisha niliiacha tcpdump, programu inayorekodi pakiti zinazopita, ikisikiliza lango 8333 kwenye kadi ya mtandao huku nikiizima nodi na kuiwasha tena, kwa kuwa wakati wa kuwaka ndipo programu hutafuta wenza kwa bidii zaidi. Haikuandika hata pakiti moja. Lango 53 la DNS, mfumo wa kutafsiri majina kuwa anwani za IP, lilihitaji uangalifu wa ziada, kwani mashine ina programu nyingine zinazouliza majina. Nilichotafuta ni maswali yenye majina ya seva zinazotoa orodha za nodi za Bitcoin, nayo hayakuwepo. Mwishoni bitcoin-cli -netinfo 4 ilinionyesha jedwali la wenza, safu ya mtandao ikisema onion kuanzia juu hadi chini, na anwani yangu moja pekee ikiwa chini ya jedwali.

Upakuaji wa kwanza wa mnyororo wa bloku, ambao sasa umevuka gigabaiti 600, nilikubali uende polepole ndani ya Tor. Wapo wanaoupakua kwanza kwa njia ya wazi na kuhamia Tor baadaye. Bloku zenyewe ni za umma, kwa hiyo hawafichui fedha zao. Ila IP yao inakuwa imeshaonekana ikiendesha nodi, na mimi sikutaka hata hilo.

Lililonisumbua zaidi akilini halikuwa kasi. Mwaka 2014 watafiti Alex Biryukov na Ivan Pustogarov wa Chuo Kikuu cha Luxembourg walieleza jinsi mshambuliaji anavyoweza kuvifanya vituo vya kutokea vya Tor, yaani seva za mwisho kabla ya intaneti ya wazi, vikataliwe na nodi za kawaida, hadi mtumiaji wa Tor abaki anaunganishwa na nodi za mshambuliaji tu. Huduma za onion hazitumii vituo vya kutokea, kwa hiyo njia ile haiwagusi wenza wangu, lakini msingi wa hoja yao unabaki palepale: kuunda anwani ya onion hakugharimu chochote. Anayetaka kuizingira nodi anaweza kutengeneza maelfu ya anwani na kuijazia orodha yake, wakati kwenye intaneti ya kawaida angehitaji IP nyingi zilizotawanyika katika mitandao mbalimbali. Nodi iliyozingirwa huona tu mnyororo ambao mzingiraji anataka iuone. Kujificha kwa gharama ya kutengwa na ukweli si biashara ninayoikubali.

Niliongeza I2P, mtandao mwingine wa kuficha anwani, kwa sababu hiyo. Bitcoin Core inaiunga mkono tangu toleo la 22.0, la mwaka 2021, na kwangu ilihitaji kusakinisha i2pd, programu ya I2P, na kuongeza mistari miwili:

i2psam=127.0.0.1:7656
onlynet=i2p

I2P ni mtandao mwingine kabisa, una seva zake na njia zake, na kila njia ni ya upande mmoja, hivyo kinachokwenda na kinachorudi havipiti mahali pamoja. Mzingiraji sasa analazimika kuifunga mitandao miwili badala ya mmoja. Faida ya pili niliielewa nilipokumbuka mashambulizi ya kuizidisha Tor mzigo yaliyoanza katikati ya mwaka 2022 na kuendelea kwa miezi mingi, ambapo huduma za onion zilizorota kwa kila mtu. Nodi yenye I2P pembeni haikosi bloku kwa sababu Tor inahema. Wenza wa I2P ni wachache kuliko wa onion na njia zake huchukua dakika kadhaa kutengemaa baada ya kuwasha, hivyo siizimi i2pd pasipo sababu. Zaidi ya hao, kwa addnode niliweka anwani chache za onion za watu ninaowafahamu na kuwaamini, ili hata orodha ikijazwa takataka wapo wa kushika nao mkono.

Faili la onion_v3_private_key lililomo katika folda ya data ndilo linaloibeba anwani ya onion ya nodi. Likifutwa, nodi hupata anwani mpya na wenza walioihifadhi ya zamani hawaipati tena; likiibwa, mwizi anaweza kujifanya nodi yako. Nakala yake naiweka nje ya mtandao, pamoja na ya i2p_private_key.

Matoleo mapya nayapokea haraka. Anwani fupi za onion za herufi 16 ziliondolewa na Tor mwaka 2021, na nodi ambazo hazikuwa zimefika Bitcoin Core 0.21.0, lililoleta anwani za herufi 56, zilibaki bila njia ya kupokea wageni wa onion. Mabadiliko madogo nayo yana uzito: toleo la 28.0 lilibadilisha namna lango 8334 linavyofunguliwa pale ambapo mtumiaji ameandika bind yake mwenyewe, na aliyekuwa akitegemea tabia ya zamani bila kulitaja lango hilo alihitaji kuyapitia mipangilio yake upya. Kwa hiyo kila ninaposasisha Bitcoin Core, Tor au i2pd, ss na tcpdump hurudiwa kabla sijaifungua pochi.