XP na Windows 10 kwenye waya mmoja

Wana Moshi, kuna dada mwenye steshenari karibu na stendi aliniita jana. Kompyuta yake ya zamani yenye Windows XP, ndiyo yenye printa, haionekani kabisa kwenye ile ya Windows 10. Wateja wamejaa mlangoni na yeye anahamisha faili kwa fleshi. Fleshi za steshenari mnazijua kwa virusi!

Fundi aliyetangulia alimwambia anunue mashine mpya. Haraka ya nini?

Nilianza na waya. Taa ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta, upande wa XP ilikuwa imezima. Kile kiplastiki cha kushikilia plagi kimekatika, waya unachezacheza. Nikabana kichwa kipya, taa ikawaka. Anwani ya XP kwenye mtandao ikasoma 169.254, yaani mashine imejipangia yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia. Ile nyingine ilishaandikiwa 192.168.1.10, basi XP nikaipa 192.168.1.11. Ping, yaani kuita mashine moja toka nyingine kuona kama zinasikiana, ikajibu, folda bado hamna.

Kumbe kiini kiko hapa: XP inatumia SMB 1 tu, ile lugha ya zamani ya Windows ya kushirikiana faili na printa, na Windows 10 iliyosakinishwa upya kuanzia toleo 1709 la mwaka 2017 kwa kawaida inakuja bila hiyo, kwa ajili ya usalama. WannaCry, kile kirusi cha 2017 kilichofunga faili za watu na kudai pesa, kilipita humo humo. Nikaiwezesha SMB 1 kwenye Windows 10, nikazima na kuwasha, folda hiyoo, printa ikatoa karatasi.

Intaneti kwenye swichi hiyo nimemkatalia. XP iliachwa bila masasisho ya kawaida ya usalama Aprili 2014. Dada kanuna, alitaka YouTube.