Maua ya Gundi

Yule mama wa Ipuli amepita tena leo karakana. Mlango wake wa mninga uko tayari, miimo imeshajengewa ukutani, na sasa ndipo anakumbuka nakshi. "Fundi, si unabandika tu maua kwa gundi?" Yapo, ndiyo, yanakatwa kwa mashine na kuuzwa kwenye pakiti. Nikamwambia tutaongea kesho.

Mimi shule yangu ni mlango wa tembe la Kwihara, hapo nje kidogo ya mji wa Tabora. Livingstone alikaa humo mwaka 1872, tangu Stanley alipoondoka mwezi Machi hadi Agosti, akisubiri wapagazi. Wageni huingia ndani kumtafuta Livingstone. Mimi huishia mlangoni. Kwenye milango ya namna ile, mfaa ndio unaoziba mwanya kati ya mbao mbili, na mfaa huohuo ndio unaochongwa. Ukiung'oa, umeondoa pambo na umeingiza upepo ndani. Aliyeuchonga hatajwi popote, ila Livingstone aliyepita njia anatajwa kila siku. Haya.

Siku hizi namsoma Lee Lawrie, mchongaji wa majengo aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1877 na kukulia Marekani. Wengi wanamjua kwa Atlas, jitu la shaba lililobeba mbingu mabegani kule New York tangu 1937. Mimi halinigusi, ukilihamishia uwanja mwingine litasimama vilevile. Kinachoninyima usingizi ni kazi yake kwenye jengo la bunge la jimbo la Nebraska, lililojengwa kati ya 1922 na 1932. Pale watu wanatoka ndani ya mawe ya ukuta wenyewe: chini ni jengo, ukipandisha macho unakuta mabega, kisha uso. Hujui mwashi aliishia wapi na mchongaji akaanzia wapi. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila mchongaji kukaa na msanifu mapema, na Lawrie alikuwa amezoeana na Bertram Goodhue, msanifu wa jengo hilo, kwa miaka mingi. Goodhue alifariki mwaka 1924, jengo likiwa bado, Lawrie akaendelea.

Huku kwetu fundi wa nakshi anaitwa rangi ikishakauka.

Miimo ya yule mama ndiyo basi tena. Lakini mfaa bado sijaupigilia. Kesho nitamwambia anunue kipande kinene zaidi cha mninga nikichonge chenyewe, aniongezee siku na hela. Akitaka maua ya gundi, ayabandike mwenyewe nikishaondoka.