Ndoo mbili kwanza, waksi baadaye

Wiki iliyopita shemeji yangu kanunua gari, Toyota Ractis nyeusi, imeshuka bandarini Dar kaiendesha mwenyewe mpaka huku, na kitu cha kwanza kuniuliza alivyofika Buhongwa, hapa Mwanza, sio fundi mzuri wala sheli yenye mafuta safi, kaniuliza "shem, waksi gani kali hapa mjini?" Waksi ni ile nta ya kupaka juu ya rangi ya gari. Nikacheka, maana na mimi nilianzia hapohapo na IST yangu, nyeusi vilevile, na hela niliyochoma kwenye makopo yasiyo na kazi ingenipa matairi mawili mapya. Nikamwambia tulia nikuandikie namna ya kuosha na kutunza rangi ya gari. Sasa nikishaandika nawawekea na nyie wengine mnaoanza.

Ila kwanza niwape kisa cha Kamanga. Nilikuwa kwenye foleni ya kivuko naenda Sengerema, jioni, jua limeshuka upande wa ziwani linapiga boneti kwa ubavu, na gari nimetoka kuiosha asubuhi hiyohiyo najisikia. Naangalia boneti naona duara duara, laini, nyingi, zimezunguka pale jua linapong'aa kama utando wa buibui. Nikadhani vumbi, nikapitisha kidole, wapi, haifutiki. Mzee mmoja dereva wa lori alikuwa nyuma yangu akasogea akainama akasema "kijana, hii gari inasuguliwa na mchanga." Nikamwambia mzee mimi naosha kila Jumamosi sikosi. Akasema "ndo nakwambia hivyo."

Ilinichukua muda kumuelewa. Vijana pale nilipokuwa naoshea wana sponji moja, hiyohiyo imetoka kwenye bajaji ya kokoto, ikapita kwenye Noah iliyotoka Misungwi na tope, ikadondoka chini ikaokotwa, halafu inakuja kwangu na povu jingi kweli. Siwalaumu, wanalipwa kwa idadi ya magari. Lakini vumbi la mji huu tunalijua, mji umejaa mawe, na haya mawe yetu ni itale, yakisagika unapata chenga za kwatzi, madini ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yanasimama kwenye 7 kati ya 10, msumari wa kawaida uko chini yake. Na juu ya rangi ya gari kuna klia, ile inayoleta mng'ao, unene wake kwenye magari mengi ni kama maikroni 40 mpaka 50 (maikroni elfu moja ndo milimita moja). Unywele wako mmoja ni kama maikroni 70. Yaani gari zima limefunikwa na kitu chembamba kuliko unywele na sisi tunakisugua na itale kila Jumamosi tunalipia.

Kama huamini tafuta CD ya zamani ambayo haichezi tena, ilowanishe, chukua hiyo sponji yako unayoosheaga gari, zungusha mara kumi bila kukandamiza, halafu ipeleke juani. Mimi nilifanya hivyo na CD ya kwaya ya mama mkwe (ilikuwa imeshagoma kucheza, msinisemee) na nikaona boneti yangu ileile.

Kwa hiyo shem, hela yako ya kwanza isiende kwenye kinachong'arisha, iende kwenye vitu vinavyogusa rangi.

Ndoo mbili. Zile za lita 20 za rangi za ukutani zinauzwa kwa bei ndogo kwa mafundi rangi, osha vizuri mpaka harufu iishe. Moja ya povu, moja ya maji matupu. Unachovya glavu ya kuoshea kwenye povu, unapitisha kwenye gari, kabla hujarudi kwenye povu unasuuza kwenye ile ya maji matupu. Mara ya kwanza nilivyofanya hivi nilimwaga ile ndoo ya kusuuzia taratibu nikakuta mchanga chini, mweusi, kama kijiko kizima cha chai, na hiyo ni gari niliyokuwa naiona safi. Ule mchanga zamani ulikuwa unarudi wapi? Kuna vile vichujio vya plastiki vya kuweka chini ya ndoo vinazuia mchanga usipande juu, ukivipata sawa, usipovipata maisha yanaendelea.

Glavu ya maikrofaiba, ile yenye manyoya marefu kama minyoo minyoo, ndo badala ya sponji. Sponji uso wake ni bapa, chenga ikinasa haina pa kujificha inabaki katikati ya sponji na rangi. Kwenye manyoya chenga inazama ndani. Nunua mbili, moja ya juu, yaani paa, boneti na vioo, nyingine ya chini ya milango na bampa ambako ndo kuna tope. Rimu na matairi yana kitambaa chao na brashi yao na kikopo chao, na hivyo vitu visikutane na vingine hata kwa bahati mbaya, vumbi la breki lina chembe za chuma.

Shampuu ya gari. Hapa watu watanibishia, sabuni ya unga ipo nyumbani na inatoa povu. Ni kweli inatoa, ila sabuni ya unga ni kali, pH yake (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndo katikati) inaenda kwenye 10, na ya kuoshea vyombo kazi yake ni kukata mafuta, sasa waksi nayo ni jamii ya mafuta, unapaka Jumapili unaitoa Jumamosi. Shampuu nzuri kwa anayeanza imeandikwa pH 7 au karibu na hapo, na ina utelezi, ukiishika vidoleni inateleza kama bamia. Huo utelezi ndo unaoulipia, povu ni mapambo tu. Kifuniko kimoja viwili kwenye ndoo kinatosha, soma kopo lako. Kopo la lita moja mimi linanivusha miezi.

Halafu kitu ambacho hakimo kwenye orodha za watu ila kwa hapa kwetu naona ndo cha maana: bomba la kupulizia dawa. Hilihili la mgongoni la lita 16 ambalo wakulima wa pamba wanalo. Nunua JIPYA, narudia jipya, lile lililowahi kubeba dawa ya wadudu usiliguse. Kazi yake ni kumwagia gari kabla hujaigusa na kitu chochote, maana ukilowanisha ukaacha dakika tatu nne ukamwagia tena, sehemu kubwa ya vumbi inaondoka yenyewe bila kusuguliwa. Mashine ya presha ni nzuri zaidi sikatai, lakini sisi tunaokaa milimani kule Mabatini maji yanakuja kwa zamu, na presha yenyewe ya bomba unaijua, na umeme nao una siku zake. Bomba la mgongoni unajaza kwenye simtanki unapampu unaendelea. Lita 16 za kulowanishia, ndoo mbili za kuoshea, na hilohilo la mgongoni ukilijaza tena la kusuuzia, umemaliza IST nzima.

Taulo la kukaushia. Kubwa, maikrofaiba, nene. Kwenye lebo angalia gramu kwa mita ya mraba, wanaandika GSM, la kukaushia tafuta kuanzia 500 hivi kwenda juu, vile vya kupakia na kufutia waksi 300 mpaka 400 vinatosha. Unalitandaza kwenye boneti unalivuta kwako, hamna kusugua. Kile kitambaa cha njano kama mpira kinachouzwa kwenye mrija wa plastiki kinakunywa maji kweli lakini nacho ni bapa, hadithi ni ileile ya sponji. Na mitumba ya Mlango Mmoja naipenda, mashati yangu nusu yametoka kule, ila taulo la pamba lililofuliwa miaka kumi likakakamaa, hapana, hilo la matairi.

Vitambaa vya maikrofaiba vifuliwe peke yake, visikutane na khanga vikarudi na nyuzi nyuzi, na usiweke ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia maua, inaziba nyuzi na taulo linaacha kunywa maji. Kikidondoka chini kisirudi kwenye gari siku hiyo. Mke wangu anasema hivi vitambaa navitunza kuliko mashuka.

Hapo umemaliza ya kuosha. Sasa waksi.

Shida ya kwanza ni jina. Hapa mjini kila kitu ni polishi, ya viatu polishi, ya dashibodi polishi, ya kuondoa mikwaruzo polishi. Nilienda duka moja mjini nikasema naomba polishi ya gari, nikapewa kopo, nikapaka gari zima kwa mkono nikasugua mpaka bega likauma, kumbe ni rabingi. Rabingi ina chenga za kukwangua, inakula klia ili kusawazisha mikwaruzo, haikingi chochote, na zile maikroni 40 zikiliwa hazirudi. Kwa hiyo shika hivi: rabingi na polishi halisi vinapunguza klia, waksi inaongeza tabaka la kinga juu yake. Anayeanza asiguse vya kupunguza kwanza. (Wenye Toyota nyeupe, angalia kile kibati cha gari kwenye maandishi C/TR, ukikuta 040 hiyo rangi mara nyingi haina klia juu, ukiisugua na polishi kitambaa kinatoka cheupe. Jirani yangu alidhani gari inachunika akanigongea usiku.)

Waksi yenyewe ziko namna tatu kwa kifupi. Ya kopo, ngumu, inayotengenezwa na kanauba, nta ya majani ya mtende fulani wa Brazili, kwenye rangi nyeusi inapendeza mno lakini haikai, wiki chache mpaka miezi miwili na kwa jua letu hesabu chini. Ya pili ya kutengenezwa kiwandani, ya maji au ya kupuliza, inakaa miezi mitatu minne ukiosha na shampuu ya kistaarabu, na hii ndo namwambia shemeji achukue, ya kupuliza, kwa sababu ukikosea unafuta tu. Ya tatu seramiki, ya maji inayogandia kwenye rangi ikawa tabaka gumu. Seramiki ya kweli inakaa miaka, ila inataka rangi iwe imesafishwa na kuondolewa mikwaruzo kwanza, sehemu isiyo na vumbi, na ikikauka vibaya huitoi ila kwa polishi. Chini ya mwembe huiwezi. Na vile vichupa vinavyotembezwa barabarani vimeandikwa 9H, muuzaji anamwaga petroli kidogo kwenye boneti anawasha kiberiti kukuonyesha haiungui, aisee, hiyo 9H ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli, sio kile cha Mohs cha ugumu wa jiwe, na moto wa sekunde mbili hata boneti isiyopakwa kitu kwa kawaida inauvumilia. Usijaribu lakini.

Mimi waksi yangu ya kwanza niliipaka saa saba mchana juani, gari nzima kwa mpigo, nikaenda kula. Narudi imekauka kama plasta, na kwenye zile plastiki nyeusi za pembeni imeacha mabaka meupe ambayo mengine yapo mpaka leo. Paka kivulini, bodi ikiwa ya baridi ukiweka kiganja, kipande kwa kipande, kidogo kabisa, na plastiki uziepuke. Na kama unapitisha mkono kwenye gari safi unahisi vichenga vichenga, vaa kamfuko ka nailoni vidoleni upitishe tena utavisikia vizuri zaidi, hivyo vinatolewa na udongo maalumu wa kusafishia pamoja na maji ya utelezi. Huo nunua baada ya miezi miwili mitatu, sio mwanzoni.

Sababu ya kuhangaika na waksi hapa Mwanza ziko mbili na zote zinaruka. Kwanza makorongo, yale makubwa yenye upara yanayokaa kwenye miti mjini kama wazee wa baraza, mzigo wao mmoja unafunika nusu ya kioo, na kinyesi cha ndege kina asidi, kikikaushwa na jua kinachimba klia na kuacha alama. Usikikwangue. Lowanisha kitambaa, kilaze juu yake dakika chache, kisha kinyanyue. Mimi natembea na chupa ya maji na vitambaa viwili kwenye buti. Pili vile vijidudu vya ziwani, vinavyopanda kama moshi, ukipita usiku njia ya ziwani vinajaa kwenye bampa na taa, navyo dawa ni kuloweka asubuhi yake, ukiviacha siku tatu vinakuwa gundi. Waksi haivizuii, inafanya vitoke kirahisi.

Halafu shem najua utaniuliza kwa nini tusiende tu kuoshea ufukweni maji ya bure. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, sabuni zetu zinaishia kulisha magugu maji, maji yanayokuja bombani kwetu yanavutwa ziwa hilohilo, na wewe mwenyewe umesimama peku kwenye maji ya kichocho. Osha nyumbani.

Kuhusu dizeli kwenye matairi, najua baba yako ndo alikufundisha, shikamoo yake, lakini inakula mpira na inakamata vumbi. Acha.

Kitu cha mwisho kimetokea Jumapili hii. Nimemaliza kuosha, nakausha kioo cha mbele na taulo langu kubwa, kioo kinabaki na ukungu, nafuta ukungu unahama tu haitoki, nikalaumu shampuu, nikalaumu maji. Kumbe mke wangu kaliona kambani, laini, kakausha nalo mtoto akamalizia kumpaka mafuta mgongoni lingali begani. Nimenunua lingine. La gari nimelishonea uzi mwekundu kwenye pindo, la mtoto halina uzi.