Sahani ya Mama
Mwaka 2003, miaka miwili baada ya UNESCO kuuingiza mji mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia, ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya kuwekea vyombo, nyumbani kwa bibi ulianza kubambuka. Haukuponzwa na uzee. Fundi mmoja, simtaji, alikuwa ameziba ufa kwa saruji, na saruji haipatani na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu ukafungiwa ndani, chumvi ikatafuta pa kutokea, lipu ikaporomoka na nakshi zake. Fundi wa pili, mzee wa chokaa, akasema hagusi kitu mpaka zidaka ziwe tupu.

Kazi nikapewa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mikono mirefu.

Chumba chenyewe twakiita ndani, maana ndicho cha mwisho kabisa kutoka njiani. Ni kirefu na chembamba, kama vyumba vyote vya nyumba hizi: upana hauwezi kuushinda urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Dirisha hakina. Mwanga huingia kiwandani, yaani uani, ukapita misana miwili, vile vyumba virefu vya mbele, ukafika huko umeshachoka, na hapo ndipo weupe wa chokaa na vivuli vya zidaka hufanya kazi yao. Bibi aliketi kwenye ulili, kitanda chake, akiniamrisha. Pembeni yake kiti cha enzi, mpingo wenye njumu za mfupa, ambacho tangu nizaliwe sikumwona mtu akikikalia. Kilikuwa cha kuwekea leso zilizokunjwa.

Nilidhani nitashinda kutwa nikiteremsha vyombo. Kumbe zidaka nyingi hazikuwa na kitu. Zile za yuu nilijaribu kutia ngumi, ikakwama.

"Bibi, hizi zilichongewa kuwekwa nini?"

"Zilichongewa kutazamwa. Shuka usije ukaanguka."

Kila sahani niliyoiondoa iliacha duara safi katikati ya vumbi. Nilizifunga kwenye leso moja moja, mpaka nikaifikia ile ya katikati, ya maua mekundu na majani ya kijani. Hiyo kila mgeni aliambiwa imetoka China. Nikaigeuza niipanguse, nikakuta muhuri: mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, na maneno Petrus Regout & Co., Maastricht. Nikayasoma kwa sauti, na kwa ile raha mbaya ya mwanafunzi aliyemkamata mkubwa akikosea.

"Hii ni ya Uholanzi, bibi! Ya kiwandani!"

"Lete."

Bibi alisoma Kiarabu, herufi hizi hakuzijua. Akapitisha kidole gumba juu ya muhuri, mara mbili, kama anayepima joto la mtoto.

"Mama alinipa siku ya harusi yangu," akasema. "China aliitaja yeye."

Nikatamani ningenyamaza. Nikashika bakuli lililokuwa jirani nalo, la buluu iliyofifia. Chini halikuwa na jina, ila ukingo mkavu ulioganda chembe za mchanga wa tanuri. Safari hii sikusema neno.

Chokaa ilichukua wiki kadhaa kukauka. Siku ya kurudisha vyombo, maduara ya vumbi yalikuwa yametoweka chini ya weupe mpya, na mpangilio ulibaki kichwani mwa bibi peke yake. Hilo kulia. La, kulia zaidi. Nilipoishika ile sahani nilisita, nikitegemea ataniambia niipandishe yuu kabisa, kusikofikiwa na mkono wa mtu. Akanyoosha kidole katikati, pale pale.

Baadaye akaja mwanamke mmoja kumwamkia, akaisimamia akiishangaa.

"Hii nayo yatoka wapi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Bibi hakunitazama.

"Kwa mama," akasema.