Mkwaruzo ule ule

Mama alipokuja Kampala mwaka jana alikuja na mdogo wake, mama mdogo wangu wa Pangani, na mabegi manne yaliyojaa vitu ambavyo nilikwisha kuwaambia kwenye simu kwamba huku vipo. Watu wazima wale, magoti yao hayana urafiki na ngazi za daladala, na kuwapandisha bodaboda ni kutafuta maneno kwa ukoo mzima wa Tanga. Ndiyo nikaamua kukodi gari, Toyota Noah, kwa siku tatu, niendeshe mwenyewe.

Mwaka wa saba huu naishi hapa na sikuwa nimewahi kukodi gari. Kazini naenda kwa bodaboda, sokoni naenda kwa taksi. (Taksi ya hapa ni daladala yetu. Ile taksi ya kwetu, ya kukodi peke yako, wao wanaiita speshali. Mwezi wangu wa kwanza nilisimamisha taksi nikafungua mlango wa mbele kama bibi harusi, nikakuta watu kumi na wanne wananitazama.)

Gari lililetwa mpaka kwangu Ntinda saa mbili kasoro usiku, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Limelowa, linang'aa chini ya taa ya geti kama samaki aliyetoka majini. Kijana aliyelileta alikuwa na haraka, akaniwekea karatasi juu ya boneti na kuishikia tochi ya simu nitie saini. Kwenye karatasi palichorwa gari kwa mistari, mbele, nyuma na ubavuni, ili kila penye kasoro pawekwe alama. Hapakuwa na alama hata moja. Noah iliyoingia nchini tayari imechakaa kwa Mjapani, ikapita mikono ya Kampala miaka na miaka, haina hata mkwaruzo! Pale pale ningeshtuka. Lakini Mama alikuwa ndani anauliza chumvi iko wapi, nikatia saini.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Tulikwenda Jinja, kilomita themanini hivi, na pale Namawojjolo, kabla ya kuingia msitu wa Mabira, nikasimama kusudi waone maajabu. Ukipunguza mwendo tu, wauza kuku wa kuchoma wanalivamia gari kutoka pande zote, mishikaki na mapaja ya kuku yanaingia dirishani, na gonja, zile ndizi za kuchoma, juu yake. Mama mdogo alijikunyata katikati ya kiti huku akicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka nao. Leo nikikumbuka ile miti ya mishikaki inavyosugua milango ya gari la watu, sicheki sana.

Siku ya kurudisha, nilipeleka gari asubuhi kwenye uwanja wao. Wakasema nisubiri lioshwe kwanza. Likaoshwa, likafutwa, halafu msimamizi akaniita. "Nnyabo," yaani bibie, "njoo uone hii kitu." Kona ya bampa la mbele, kulia, chini ya taa, mkwaruzo wa urefu wa kidole changu cha kati. Akasema bampa zima litapigwa rangi upya, na gari litalala siku mbili bila kuingiza pesa, kwa hiyo katika amana yangu ya shilingi milioni 1 atakata laki sita.

Nikamwambia sikugusa kitu. Akaninyooshea karatasi yangu mwenyewe, safi, haina alama, ina saini yangu. Hapo ndipo nilipochuchumaa nikaugusa ule mkwaruzo kwa kucha. Ndani yake mlikuwa na vumbi jekundu limeganda kama udongo wa chungu, maji na sabuni yao havikulitoa. Mkwaruzo wa juzi hauko hivyo. Mkwaruzo mpya kwenye bampa la plastiki unaonyesha weusi wa plastiki au weupe wa rangi ya chini, kingo zake zina makali, ukipitisha kidole unakukwaruza na wewe. Ukiwa kwenye bati unaonyesha chuma kinachong'aa, na kutu huja baadaye. Huu kingo zake zilikwisha kulainika. Nilimweleza yote haya kwa Kiswahili na Kiingereza na Kiganda changu cha sokoni. Akasikiliza kwa adabu zote, maana Waganda hawana ukali wa mdomo, halafu akasema, "Pole nyo, nnyabo," yaani pole sana, na laki sita zikaondoka.

Nililofanya la maana siku hiyo ni moja tu, na nililifanya kwa hasira: nilikataa kutoka mpaka nipewe risiti yenye namba ya gari, tarehe, na maneno kamili kwamba pesa hizi ni za mkwaruzo wa bampa la mbele upande wa kulia. Aliandika. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka Ndeeba, kwa mafundi wa bodi, nikauliza kupiga rangi bampa la Noah ni kiasi gani. Wa kwanza akasema laki moja na nusu. Wa pili, kijana aliyejaa rangi mpaka kwenye kope, akasema laki moja na ishirini, na nikisubiri chini ya mwembe nitaondoka nalo jioni.

Tangu hapo nimekodi gari mara tano, kwa wageni na kwa kazi, na sijakatwa tena. Sina ujanja mkubwa. Nimejifunza tu kwamba maneno ya siku ya kurudisha hayana nguvu. Kesi inaamuliwa siku ya kuchukua, kabla ufunguo haujawa mkononi mwako.

Kwanza, sipokei gari usiku wala likiwa limelowa wala likiwa na vumbi. Maji yanaficha mikwaruzo yote midogo, na vumbi la huku, jekundu kama hina, linafunika hata pale palipobonyea. Nikiletewa gari chafu naomba ndoo na kitambaa, nalifuta mwenyewe kona zote nne za bampa, madogadi, chini ya milango na pembeni mwa rimu. Wananiona mshamba. Sawa. Kubonyea hakuonekani ukisimama mbele ya gari. Unasogea mpaka kwenye kona ya gari, penye taa, unatazama ubavu wote kwa mshazari, na pale mwanga unapovunjika ndipo palipobonyea.

Pili, napiga video, wala si picha tatu za haraka. Naanza na namba ya gari, nazunguka polepole bila kukata, nikisema kwa sauti ninachokiona: hapa pana mkwaruzo, hapa kioo kina tobo la jiwe, tairi hili limevimba ubavuni. Naishia kwenye dashibodi, taa zote zionekane, kilomita zionekane, mshale wa mafuta uonekane. Halafu, wakati aliyelileta bado amesimama pale, namtumia video ile ile kwenye WhatsApp ya ofisi yao. Tarehe na saa zinajiandika zenyewe, na hakuna atakayesema niliipiga baadaye. Kwenye karatasi yao natia alama kila kasoro, mpaka lile gari lililochorwa lifanane na mtu aliyeugua surua, na kijana anatia saini chini yake kama ninavyotia mimi.

Mambo ya ndani ya buti ni ya dakika mbili: tairi la akiba lina upepo, jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, pembetatu za kuakisi zipo. Nimesikia mtu akidaiwa jeki ambayo hakuwahi kuiona.

Bima ndiyo inayowachanganya wengi, hasa sisi tunaotoka nyumbani tukidhani neno bima linatosha. Ile stika ya kwenye kioo ni bima ndogo, ya lazima kwa kila gari, na ya hapa Uganda ni ya kumfidia mtu uliyemgonga akaumia au akafa. Bampa lako halimo. Hata gari likiwa na bima kubwa, kuna kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijatoa senti, na mara nyingi kiasi hicho kinazidi gharama ya mkwaruzo wowote, kwa hiyo kwa mambo madogo ni kama huna bima. Uliza kiasi hicho ni shilingi ngapi, kiandikwe. Uliza pia kuhusu tairi, vioo na chini ya gari, kwa kuwa bima za magari ya kukodi huviacha nje mara kwa mara, na barabara za murram, yaani za udongo na changarawe, zinakula vitu hivyo hivyo. Na kama una mpango wa kuvuka mpaka wa Mutukula kwenda kusalimia Bukoba, usivuke kabla mwenye gari hajakupa ruhusa ya maandishi. Bila hiyo, baya lolote litakalotokea ng'ambo ni lako peke yako.

Amana siku hizi naituma kwa mobile money, kamwe si noti mkononi. Ujumbe unabaki kwenye simu, jina la aliyepokea linabaki.

Kurudisha nako kuna adabu yake. Narudisha mchana, gari nimeshaliosha mwenyewe, na siondoki mpaka mtu aandike kwamba amelipokea salama. Wakinionyesha kasoro nawaomba waniwekee kando ya video niliyowatumia. Kama kweli ni yangu, na iliwahi kuwa yangu, taa ya nyuma nilipoipasulia kwenye nguzo ya geti la kanisa huko Masaka, nakubali. Ila nasema nitengeneze mwenyewe kwa fundi tutakayekubaliana, au nipewe ankara ya gereji. Mdai akiambiwa alete ankara ya gereji, bei inashuka yenyewe. Ile taa niliipata Kisekka, kwenye soko la vipuri, kwa bei ambayo sitaisema, nikaifunga kabla ya jua kuzama. Ajali ya kweli ni jambo jingine: hapo usisogeze gari, piga 999, na hakikisha unaondoka na karatasi ya polisi, maana bila hiyo hakuna bima itakayokusikiliza.

Sasa kuna ndugu yetu mmoja wa Mombasa.

Ni mwalimu hapa mjini, tunakutana futari na sikukuu. Mwezi wa pili alikodi gari kwa ajili ya arusi ya shemeji yake Mbale, na siku ya kurudisha akanipigia simu. "Dadangu, hawa jamaa wanishika. Wataka laki sita kwa mkwaruzo, na mimi sijui hata umetoka wapi." Nikamuuliza gari gani. Noah. Upande gani? Mbele, kulia. Moyo ukanipiga. Nikamwambia asome namba.

Ilikuwa ile ile. Wala haikupigwa rangi. Laki sita zangu zilipigwa rangi mahali pengine.

Nilitafuta ile risiti kwenye kopo la biskuti ninamoweka risiti za umeme na ada, nikaipiga picha, nikamtumia. Anasema msimamizi aliishika simu akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu, akalitazama bampa, akaenda ndani. Aliporudi alikuwa na milioni yake kamili, na "pole nyo" juu yake.

Laki zangu sita bado wanazo. Lakini mwalimu yule, kwa kuwa ni mtu wa kusomasoma, ndiye aliyenieleza kwamba mahakama za hapa zina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, unasimama mwenyewe bila wakili. Unaanza kwa kumpelekea unayemdai barua, anapewa siku 14 za kulipa, akikaa kimya ndipo unajaza fomu. Barua nimeipeleka Jumanne ya wiki iliyopita kwa mkono wangu, na nakala nimegongewa muhuri. Leo ni siku ya tisa. Mama anapiga kila jioni kutoka Tanga kuuliza wamejibu nini, na mama mdogo anasikika nyuma yake akisema nisisahau kudai na nauli ya kwenda Ndeeba.